Usukani Mpya wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na shangazi. Amesema niwe naandika humu kila ninapotaka kumfokea mtu, ili mdomo wangu upate likizo. Haya, naanza na yeye mwenyewe. Amemkwepa mbuzi akagonga nguzo ya ua, usukani wa pikipiki yake ukapinda, halafu anakuja kwenye banda letu la ufundi anacheka. Mkunga mzima, miaka hamsini na miwili, anaangushwa na mbuzi.

Baba ameutoa usukani uliopinda akamwekea mwingine, mrefu na mpana zaidi, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa unamuinamisha na mgongo wake hautaki tena mambo hayo. Baba alikaza bolti za katikati, akafunga mikono ya breki na klachi. Vidole vyake vimeanza kutetemeka, hasa asubuhi, na miwani anavaa siku akikumbuka. Mimi nilimalizia. Sipendi kebo zinazoning'inia mbele ya pikipiki kama nguo zilizoanikwa. Nilizikusanya zote pamoja, nikazibana kwenye shingo ya usukani kwa kamba mbili za plastiki, nikakata ncha zilizobaki. Hata Cheche, jirani yetu mchomeleaji, alisema pikipiki imetoka kunyolewa. Ni yeye aliyenibatiza Mama Usafi, na jina limeninata mtaa mzima.

Jioni mvua ya kwanza ya masika imenyesha. Tumeingiza kila kitu ndani mbio mbio.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wateja wawili. Baba amesahau miwani nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi amerudi na pikipiki. Haitulii sailensa. Sailensa ni ule mngurumo mdogo wa injini wakati pikipiki imesimama na mkono haujagusa mafuta. Ikiwa sawa, baada ya dakika moja hata huisikii. Anasema barabarani ni sawa, kwenye foleni ni sawa, lakini akifika geti la zahanati anakofanya kazi inapanda yenyewe na kumvuta mbele.

"Inanirukia," alisema. "Utadhani yenyewe ndiyo mkunga, mimi abiria."

Baba alimuuliza kutoka kwake hadi zahanati ni mwendo gani. Nusu saa, kwa foleni ya asubuhi.

"Basi ikifika pale imeshapata moto," baba akasema. "Moto huo ndio unaoisumbua."

Akashusha skrubu ya sailensa robo mzunguko. Mimi nikaichukua kuijaribu, nikazunguka mtaa mara mbili, ikawa tamu. Kujaribu kwetu ni kona nne, zote za kushoto, ili tusikate barabara kubwa yenye malori. Utaratibu huo baba aliuweka kabla sijazaliwa, na hajawahi kugongwa.

Jumatatu, 10 Machi

Haijapona. Shangazi ameiacha kutwa nzima na kwenda kazini kwa miguu.

Tuliiwasha ndani ya banda saa nzima ili ipate moto kama wa safari. Banda letu ni jembamba: upande mmoja meza ya kazi, upande mwingine ukuta, na pikipiki haipiti katikati mpaka ukate usukani wote kushoto. Neno la kwanza nililofundishwa hapa, kabla hata ya jina la spana, ni "ingiza kushoto". Basi tuliisimamisha hivyo hivyo kwenye stendi yake, tukakaa tunaisikiliza. Saa nzima haikupanda hata kidogo. Injini ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole.

"Kwangu haipandi, kwake inapanda," baba alisema. "Labda ni namna anavyoishika."

Shangazi alipokuja kuichukua akaambiwa hivyo, alimtazama kaka yake bila kusema kitu. Mimi ningesema.

Jumamosi, 15 Machi

Leo baba ameifungua kabureta. Nilisimama nyuma yake. Skrubu moja ndogo ilimponyoka, akapiga magoti na kuipapasa sakafuni kwa viganja, dakika nzima, na ilikuwa pale mbele ya goti lake. Niliiokota nikamwekea mkononi. Alisema ahsante kama mtu aliyepewa chenji.

Alipokwenda kunawa, nilichukua spana nikarudia bolti zake zote za usukani, moja moja. Zilikuwa zimekaza. Nikarudia na za breki. Zimekaza. Lakini roho yangu haikutulia. Mtu asiyeiona skrubu iliyo mbele ya goti lake, atakuwa ameacha kitu kingine mahali.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Nimefua, hakijakauka kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Nina hasira, na leo daftari hili litazipata zote.

Jana alfajiri shangazi aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu nyumbani, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Katikati ya njia, kwenye tope, pikipiki ikazima. Akaipiga teke, ikawaka, ikazima. Sailensa tulikuwa tumeishusha mno kwa kuiogopa isipande, na sasa haina nguvu ya kusimama yenyewe. Aliiacha hapo akatembea na mkoba wake kichwani. Alipofika mtoto alikuwa ameshatoka, majirani wamempokea kwa kanga, kitovu bado hakijakatwa. Wote wazima. Lakini shangazi hakucheka alipokuwa anatusimulia, na mimi sijawahi kumsikia akisimulia jambo bila kucheka.

"Kaka," alimwambia baba, "mimi nikichelewa, kuna mtu anakufa. Sisemi kwa kutia chumvi."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akaipandisha tena ile skrubu, robo mzunguko, palepale ilipokuwa mwanzo. Nilitazama bisibisi ikigonga pembeni mara tatu kabla ya kuingia kwenye tundu lake.

Nilitaka kusema, baba, niachie. Sikusema. 

Jumatatu, 24 Machi

Imerudi kurukaruka. Pale pale getini. Baba ameagiza plagi mpya.

Ijumaa, 28 Machi

Plagi mpya haikusaidia. Leo baba alihamia kwenye mpira wa hewa, ule unaounganisha kabureta na injini: ukipasuka, injini inanyonya hewa ya wizi na kupanda yenyewe. Tulipaka maji ya sabuni kuzunguka mpira mzima, injini ikiwaka, tukatafuta povu linalonyonywa. Hakuna. Cheche alikuja akachungulia akasema hajawahi kuona pikipiki inaogeshwa hivyo kabla ya kuposwa. Baba alicheka. Mimi sikuweza.

Mchana kaka alipita. Kaka yangu ni mwalimu, ana shati jeupe hata siku za tope, na tangu mama atutoke amejiona yeye ndiye mzazi wetu sote. Alinivuta pembeni, chini ya kipande cha bati ambacho hakivuji.

"Umeiona mikono yake?"

"Naiona kila siku."

"Kuna muuza simu anaitaka hii nafasi. Mtu mzuri, anasubiri jibu tu. Baba apumzike. Na wewe utapata kazi kwenye karakana yoyote mjini, wewe ni fundi mzuri."

Ningeweza kumwambia kwamba baba bila banda atakaa miezi sita tu kisha tutamzika. Ningeweza kumwambia ajishughulishe na chaki zake. Nilimwambia nitafikiri. Nilipogeuka, baba alikuwa anatutazama akiwa ameshika kile kitambaa cha sabuni.

Jumatano, 2 Aprili

Shangazi ameanguka.

Saa mbili asubuhi mlinzi wa zahanati alipiga simu. Sikumbuki nilifungaje banda. Baba hakungoja nimalize kumweleza, alishatoka na kandambili, akatembea katikati ya mvua bila kitu kichwani, nami nikamkimbilia na mwavuli ambao hakuutaka.

Tulimkuta kwenye benchi la wagonjwa, benchi ambalo yeye ndiye huwakalisha wengine. Uso umechubuka shavuni. Mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, kifundo kimevimba na kukaa upande. Muuguzi mmoja kijana alikuwa anamwambia apumue, na shangazi akamwambia kwa sauti ndogo kwamba maneno hayo alimfundisha yeye.

Aliponiona alianza kueleza kabla sijauliza. Alikuwa amefika getini, amepunguza mwendo kabisa, karibu asimame, maana kulikuwa na mama mjamzito anapita. Amekata kona kuingia. Ikaruka. Alibana breki, tairi la nyuma likateleza kwenye tope, akaona bora aelekee kwenye nguzo kuliko kwa yule mama.

"Sikumgusa," alisema. "Mwambie baba yako sikumgusa."

Baba alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Alisikia. Alikuwa anautazama ule mkono, na hakusogea.

Mifupa miwili ya kifundo imevunjika. Plasta wiki sita. Daktari alisema baada ya hapo itategemea, na hakusema itategemea nini. Mkono huo ndio anaougeuzia watoto waliokaa vibaya tumboni. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya mkono huo.

Nilitoka nje kuichukua pikipiki. Geti la zahanati liko upande wa kulia wa barabara, jembamba, na mtu akitaka kuingia inabidi akate kona yote kulia, polepole, tena kwenye mteremko. Alama ya tairi ilikuwa bado kwenye tope, imenyooka kwenda kwenye nguzo. Niliitazama mpaka mvua ilipoifuta. Taa ya mbele imepasuka, bawa limepinda. Usukani hauna hata mkwaruzo.

Niliisukuma hadi bandani. Njia nzima niliwaza jambo moja tu, kwamba tarehe kumi na tano niliona ile skrubu ikimponyoka na nikanyamaza.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Baba hajala. Nami sikumbembeleza.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka alituita kikao nyumbani kwake. Shangazi alikuja na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Baba alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Kaka alizungumza kwa heshima, siwezi kumsingizia. Alisema hakuna anayemlaumu mzee. Alisema miaka thelathini na minane ni kazi ya kutosha. Alisema banda lipewe yule muuza simu, atakuja kulipima Jumatatu ya tarehe kumi na nne, na baba apumzike kabla hajaumia mtu mwingine. Hapo shangazi akamkatiza: "Mimi sijasema niliumizwa na mtu." Kaka akanigeukia.

"Wewe ndiye unayekaa naye bandani kila siku. Sema. Mzee bado anaweza kazi au hawezi?"

Baba alinyanyua macho. Hakuniomba kitu kwa macho yale, alikuwa anasubiri tu, kama anavyosubiri mteja aseme pikipiki ina nini.

Nilisema, "Baba amechoka."

Basi. Maneno mawili. Alivaa kofia yake, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda, akaja kuniwekea kiganjani. Ulikuwa wa joto. Vidole vyake vilitetemeka, nami nikaviangalia nikajiambia, si unaona.

Shangazi hakuniaga.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefungua banda peke yangu. Wateja watatu wameuliza mzee yuko wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Baba anashinda uani. Amejiwekea kopo la nati za miaka yote, anazimwaga kwenye sinia na kuzichambua kwa ukubwa: nane huku, kumi huku, kumi na mbili kule. Haangalii. Anazigusa tu na kuzitupa kwenye kikombe chake. Alipokwenda kulala nilivikagua vikombe vyote vitatu. Hakuna hata moja iliyokosea kikombe.

Nimerudisha vikombe mahali pake, nikakaa jikoni muda mrefu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata!

Naandika haraka kabla hasira haijapoa. Leo nilikuwa nahamisha vitu, maana keshokutwa muuza simu anakuja na futi yake. Cheche alinisaidia kuitoa meza ya kazi nje. Banda bila meza ni ukumbi, sikuwahi kujua lina nafasi kiasi hicho. Pikipiki ya shangazi ndiyo ilibaki mwisho, ukutani kule ndani. Niliona uvivu kuisukuma, nikaiwasha. Ikatulia, sailensa safi. Nikaisogeza katikati, usukani umenyooka. Bado safi. Sasa, kwa kuwa meza haikuwepo tena, nilikata usukani kulia kuelekea mlangoni.

Ikavuma. Yaani ilinguruma ikataka kuondoka na mimi, na mkono wangu wala haukugusa mafuta.

"Zima hiyo!" Cheche alipiga kelele kutoka nje. "Inataka kuja kunila!"

Sikuzima. Nilirudisha kushoto, ikatulia. Kulia, ikavuma. Kushoto, kimya. Nilifanya hivyo mara kumi, jasho linanitiririka. Moto haukuhusika hapa, wala hewa ya wizi, wala kabureta. Usukani mpya ni mrefu, kebo ya mafuta ni ile ile ya zamani, na ukikata kulia kebo inavutika yenyewe kana kwamba mtu anakaza mafuta kwa mkono. Barabarani kona za kasi hazigeuzi usukani sana, kwa hiyo haivumi. Ni getini tu, pale unapokata wote kulia ukiwa karibu usimame. Na sisi bandani tunaingiza kushoto, tunasikiliza kushoto, tunajaribu kona nne za kushoto. Hata ingekaa kwetu mwaka mzima tusingeisikia.

Nikaifuata kebo kwa kidole kutoka mkononi kushuka. Haikosi urefu kiasi hicho. Ingetosha, kwa shida. Lakini pale shingoni imebanwa pamoja na nyingine zote, imekazwa kwa kamba ya plastiki, haina hata nafasi ya kupumua. Nikachukua koleo nikaikata kamba. Kebo ikalegea. Nikakata usukani kulia. Kimya.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Siku arobaini! Siku arobaini tunaogesha mipira na kubadilisha plagi, shangazi amevunjika mkono, kwa sababu ya kipande cha plastiki kirefu kama kidole! Mtu aliyeibana kebo hivi hakuwaza kabisa kwamba usukani ni kitu kinachogeuka. Fundi wa miaka thelathini na minane, bila miwani, anabana tu. Kaka alisema kweli, na mimi sikukosea kusema nilichosema. Kesho nitamwambia baba, mbele ya kaka na shangazi, na sitamung'unya maneno. Ngoja kwanza niitafute tarehe aliyouweka usukani, nisije nikakosea siku.

Nimerudi.

Tarehe ni tatu Machi. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Mwandiko ni wangu, nadhifu kama kawaida.

*Nilizikusanya zote pamoja, nikazibana kwenye shingo ya usukani kwa kamba mbili za plastiki, nikakata ncha zilizobaki.*

Nimeusoma mstari huo mpaka herufi zimepoteza maana. Hata nilijisifu. Nilikuwa nimesahau kabisa, au sikusahau, ila kila nilipofikiria kosa nilifikiria mikono ya baba, na yangu haikunijia hata mara moja.

Ufunguo wa banda uko mezani hapa mbele yangu. Siwezi kuugusa.

Jumapili, 13 Aprili

Nilimkuta uani na sinia lake. Mvua ilikuwa imekatika kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima kutoka chumbani, hatua ishirini, yakaniishia yote. Nikafungua daftari, nikamsomea ukurasa wa kwanza, wote, pamoja na mbuzi na vidole vyake vinavyotetemeka. Aliendelea kuchambua nati. Nilipofika kwenye kamba, mkono wake ukasimama.

"Hapo rudia."

Nikarudia.

"Mbili?"

"Mbili, baba. Nimeikata jana ile iliyobana kebo ya mafuta. Inavuma usukani ukikatwa kulia. Tukiingiza kushoto hatuwezi kuisikia."

Alifumba macho. Nilijua anaiona: shingo ya usukani, kebo, geti. Midomo yake ilisogea kidogo, kulia, kushoto.

"Kabureta niliifungua mara tatu," alisema. "Moja uliiona. Mbili nilifungua ulipokwenda sokoni. Bolti zangu za usukani nilikuwa nazirudia kila ilipoletwa, nikidhani nimelegeza kitu nisichokiona. Breki. Klachi. Mpira. Nilikuwa nasema, mahali fulani nimekosea, na macho haya yananificha." Akaweka nati aliyoishika kwenye kikombe chake. "Kebo tu ndizo sikuzigusa."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa za kwako," alisema. "Kazi yako sikagui."

Nililia. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nilimshika ile mikono yote miwili, ikatetemeka ndani ya yangu, nikamwomba anisamehe kamba na anisamehe kikao, nikamwambia cha pili ndicho kinachonichoma.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kwanza nenda kwa shangazi yako. Mkono ni wake."

Nilikwenda kwa miguu. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka ghafla: "Kwa hiyo si moto, si uzee, si namna ninavyoishika. Ni usafi!" Halafu kicheko kikamkauka, akautazama mkono uliofungwa. "Mwezi huu nina wanawake watatu ambao watoto wao wamekaa vibaya. Wanausubiri mkono huu. Nimekasirika, mwanangu, tena sana, usinione nacheka. Na kaka yangu mmemvua nguo mbele ya watu." Nilisema ndiyo. Akasema, "Liandike na hilo." Nimeliandika.

Kutoka hapo nilimpigia kaka simu. Nilimwambia amwambie muuza simu asije. Kaka akasema, kwa upole, na ni kweli, kwamba mikono ya baba bado inatetemeka.

"Inatetemeka," nilimjibu. "Iliyokosea ni yangu, na hiyo haitetemeki hata kidogo."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemrudishia baba ufunguo. Ameuchukua, ametangulia, ameacha mwavuli. Cheche alipomwona alizima mashine yake akasimama.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumekata meza ya kazi kwa msumeno, theluthi nzima. Sasa pikipiki inaingia usukani umenyooka. Baba amesema kila inayojaribiwa izunguke mtaa kwa kushoto, kisha kwa kulia, malori yatake yasitake. Kebo mpya ndefu ya shangazi imefika.

Alhamisi, 15 Mei

Jana plasta ilitolewa. Mkono umekonda, kifundo hakigeuki chote. Daktari amempa mazoezi. Shangazi anafanya mazoezi kwa chungwa, analigeuza na kuligeuza, anahesabu kwa sauti.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekwisha, nadhani. Vumbi la kwanza limeonekana barabarani.

Shangazi amekuja kuchukua pikipiki. Bado hawezi kugeuza mtoto tumboni, ila anamwelekeza yule muuguzi kijana, na anasema kijana ana vidole vizuri na masikio mabovu. Alikaa kwenye kigoda akitusubiri.

Kebo mpya niliipitisha mimi. Nilitumia saa nzima. Niliiacha na kipindo chake pale shingoni, imelegea, inaning'inia kidogo, mbaya kabisa kuitazama. Sikufunga kamba hata moja. Nilipomaliza nikasema, "Tayari, baba."

Alitoa miwani mfukoni, akaivaa. Akainama mbele ya taa. Akaweka kidole pale kebo inapoanza, chini ya mkono wa mafuta, akaifuata taratibu, shingoni, chini ya tangi, mpaka kwenye kabureta. Kidole kilitetemeka njia nzima na hakikuruka mahali. Miaka kumi na mitatu nafanya naye kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akikagua kazi yangu. Nilisimama mikono nyuma nikatazama, na ilinichoma.

"Washa," alisema.

Nikawasha.

"Kulia."

Nikakata usukani wote kulia. Injini ikaendelea na mngurumo wake mdogo. Shangazi kwenye kigoda aliacha kugeuza chungwa lake, akasikiliza.

"Kushoto."

Nikakata kushoto.

"Tena kulia," baba akasema, na akavua miwani, akafumba macho.